Nusukaputi isibebeshwe lawama ya sauti iliyopotea

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kwamba dada yake alipasuliwa rovu, akazinduka bila sauti, na kwamba ukoo mzima sasa unaamini kuwa nusukaputi ya kuvuta ndiyo iliyompooza koo. Nimefanya kazi ya kutoa dawa ya usingizi katika hospitali za Nyanda za Juu Kusini hadi nilipostaafu, na imani hiyo nimeisikia wodini mara nyingi kiasi cha kuelewa inakotoka. Mgonjwa huingia chumba cha upasuaji akizungumza, hufunikwa barakoa usoni, huvuta hewa yenye harufu ngeni, na anapozinduka sauti haipo. Kitu cha mwisho anachokikumbuka ni ile gesi, basi gesi ndiyo inayoshtakiwa. Mimi nasema imeshtakiwa kwa kosa lisilo lake, na ubaya wake ni kwamba hukumu hiyo inawaachia washtakiwa wa kweli, ambao tungeweza kuwadhibiti.

Gesi za usingizi na upasuaji wa shingo wamefahamiana tangu mwanzo. Mgonjwa aliyelazwa kwa mvuke wa etha mbele ya madaktari wa Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, alikuwa anapasuliwa uvimbe wa shingoni, na aliyempa mvuke huo alikuwa daktari wa meno William Morton. Mwaka uliofuata James Young Simpson wa Edinburgh alileta klorofomu. Halotheni, ambayo wengi wa rika langu walijifunzia kazi, ilianza kutumika hospitalini mwaka 1956, kisha zikafuata isoflureni na sevoflureni. Safari ya zote ni moja: huvutwa mapafuni, huingia katika damu, huulaza ubongo, na zinapofungwa hutoka kwa njia ileile ya pumzi. Ni kweli kwamba hulegeza misuli, ya koo ikiwamo, na ndiyo sababu mtu anayezinduka huzungumza kilevi kwa muda. Ni kweli pia kwamba halotheni iliwahi kuwaharibu ini baadhi ya wagonjwa, hasa waliopewa tena baada ya muda mfupi, kwa hiyo siitetei gesi kana kwamba haina doa.

Hata hivyo, neva zinazoendesha sauti hazikatwi wala hazipondwi na gesi. Kama gesi ingekuwa inazipooza nyuzi za sauti, zile mbili za kooni zinazotetemeka tunapozungumza, ingezipooza zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa damu haibagui upande wa kulia na wa kushoto, na tungewaona wenye tatizo hilo miongoni mwa waliounganishwa mfupa wa paja au waliopasuliwa ngiri kwa barakoa tupu kama tunavyowaona miongoni mwa waliopasuliwa shingo. Sivyo ilivyo. Mara nyingi unaopooza ni uzi mmoja, na mwenye nao ni mtu aliyepasuliwa shingo au kifua, au aliyekaa na mrija kooni kwa saa nyingi.

Kuna mambo mawili yanayowachanganya watu, nayo yanapita upesi. La kwanza ni dawa za kulegeza misuli, ambazo hudungwa mshipani ili mrija upite kooni bila upinzani. Hizo ndizo zinazopooza kwelikweli, lakini hupooza mwili mzima kwa muda. Saksamethoniamu huisha kwa dakika chache, na nyingi za zile zinazodumu zaidi huondolewa nguvu kwa sindano ya neostigimini kabla mgonjwa hajaamshwa. La pili ni mkazo wa koo, yaani nyuzi za sauti kujifunga ghafla zikazuia hewa, jambo linalowapata zaidi watoto wenye mafua wanapoguswa koo usingizi ukiwa bado mwepesi. Huo ni kinyume cha kupooza, kwa kuwa nyuzi zinafanya kazi kupita kiasi. Ukiisha umekwisha, na hauachi mtu bubu.

Tufike sasa kwenye mrija. Katika upasuaji mkubwa mgonjwa hapumulii barakoa peke yake. Hupitishiwa mrija wa plastiki katikati ya nyuzi za sauti hadi kwenye bomba la hewa, na karibu na ncha ya mrija huo kuna puto dogo linalojazwa upepo ili gesi isivuje na matapishi yasiingie mapafuni. Puto hilo likikaa juu mno, karibu chini tu ya nyuzi za sauti, hulibana tawi la neva ya sauti dhidi ya gegedu la zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Likijazwa mno, huzuia damu isipite katika ngozi laini ya ndani ya bomba la hewa. Kipimo kinachokubalika ni shinikizo la sentimita 20 hadi 30 za maji, na hupimwa kwa geji ndogo inayoshikwa mkononi. Hospitali nyingi nilizozipitia hazikuwa na geji hiyo. Tulikuwa tukibonyeza puto la nje kwa vidole na kukisia, na vidole, hata vya mtu mzoefu, ni mashahidi wabovu wa shinikizo.

Mahali hapa ndipo gesi moja, na ni moja tu, inapoingia kwenye kesi hii kwa mlango wa nyuma. Naitrasi oksaidi, ile ambayo watu huiita gesi ya kuchekesha, huyeyuka katika damu zaidi ya mara 30 kuliko naitrojeni ya hewa ya kawaida. Kwa sababu hiyo huingia katika kila kifuko cha hewa kilichofungwa kwa kasi kuliko naitrojeni inavyoweza kutoka, na puto la mrija ni kifuko cha aina hiyo. Mtaalamu anaweza kulijaza sawasawa mwanzoni mwa upasuaji, kisha baada ya saa moja au mbili likawa limevimba na kupita kipimo bila mtu kuligusa, huku mashine zote zikionyesha kwamba mambo ni shwari. Dawa yake haihitaji fedha nyingi: puto lipimwe tena na tena wakati wa upasuaji, au lijazwe maji ya chumvi badala ya hewa, au gesi hiyo isitumike pale ambapo upasuaji utachukua muda mrefu. Msomaji ataona kwamba hata hapa gesi haikuigusa neva kwa sumu yoyote. Ilichofanya ni kulivimbisha puto, na puto ndilo lililobana.

Kwa upasuaji wa rovu lipo jambo jingine ambalo wanaofundisha kazi yetu wangefaa kulisisitiza zaidi. Mgonjwa hulazwa chali, mto ukawekwa chini ya mabega, na shingo ikapindwa nyuma ili daktari aione vizuri tezi ya thairoidi, ile inayovimba ikawa rovu. Shingo inapopindwa hivyo, mrija hupanda juu kidogo. Puto lililokuwa mahali pake wakati kichwa kimelala sawa linaweza sasa kuwa limejongea kwenye nyuzi za sauti. Kwa hiyo kupima mara moja, kabla ya kumweka mgonjwa sawa, hakutoshi, na anayetoa dawa ya usingizi ana haki ya kumwomba mpasuaji asubiri dakika moja aangalie tena. Sijui kwa nini ombi hilo huonekana kama utovu wa adabu katika baadhi ya vyumba vya upasuaji.

Nisimtishe mtu. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2007, uliohusu wagonjwa zaidi ya 31,000 waliopitishiwa mrija, uliwakuta 24 waliopooza uzi wa sauti kwa sababu ya mrija huo, yaani chini ya mmoja katika kila elfu moja. Waliokaa na mrija kwa saa 6 au zaidi walikuwa katika hatari mara 15 kuliko waliokaa nao kwa muda mfupi, na wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, pamoja na wenye kisukari au shinikizo la damu, nao hatari yao ilikuwa kubwa kuliko ya wengine. Takwimu hizo zinatuambia nani wa kuangaliwa kwa jicho kali. Hazimwambii mtu akimbie upasuaji.

Kwa aliyepasuliwa rovu, hata hivyo, mshukiwa wa kwanza huwa kisu. Kila upande wa shingo una neva yake ya sauti, tawi la neva kuu iitwayo vagasi, na njia inayopita ni ya ajabu: hushuka kwanza kifuani, kisha hurudi juu hadi kwenye zoloto. Ya kulia huzunguka chini ya mshipa wa damu unaoelekea mkono wa kulia. Ya kushoto hushuka zaidi na kuuzunguka mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Zote mbili zinaporudi hupita nyuma ya tezi ya thairoidi, zikiwa zimeshikamana nayo, na rovu kubwa linaweza kuwa limezisukuma mahali ambapo hakuna kitabu kinachopaonyesha. Galeni, tabibu Mgiriki wa Pergamoni aliyefanya kazi Roma katika karne ya pili, alizikata neva hizo kwa nguruwe aliyekuwa akilia kwa nguvu, na mnyama akanyamaza papo hapo huku akiendelea kufurukuta. Nguruwe yule hakuwa amevuta gesi yoyote.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Amelita Galli-Curci, mwimbaji wa Italia aliyekuwa na jina kubwa Marekani, aliyeondolewa rovu mjini Chicago mwaka 1935. Upasuaji wake ulifanywa kwa sindano ya ganzi tu, naye akiwa macho. Sauti yake ya juu haikurudi ilivyokuwa, na wataalamu wamebishana miaka mingi kama ni neva iliyoumizwa au ni uzee wa koo uliokuwa umeanza kabla. Kwa vyovyote vile, ubishi huo haujawahi kuwa juu ya gesi. Vitabu vya upasuaji hutaja kwamba, kwa mikono yenye uzoefu, wagonjwa kama 1 au 2 katika kila 100 hubaki na jeraha la kudumu la neva baada ya kuondolewa tezi hiyo, na kwamba wanaopata udhaifu wa muda ni wengi zaidi. Jeraha hilo linaweza kutokea hata kwa daktari makini, kwa kuwa neva ikivutwa tu bila kukatwa hulala kwa wiki au miezi. Anayestahili lawama ni yule asiyemwambia mgonjwa, kabla na baada.

Na kabla ndipo ninapotaka kukaa, Mhariri, kwa sababu pana hila ambayo watu wengi hawaijui, wakiwamo baadhi ya wauguzi. Mtu anaweza kuwa na uzi mmoja uliopooza na bado akazungumza vizuri, kwa sababu uzi wenye afya huvuka mstari wa kati ukaufuata mwenzake na kuziba pengo. Rovu kubwa au saratani ya tezi inaweza kuwa imeibana neva kwa miaka bila mwenyewe kuhisi lolote. Si rovu peke yake: saratani ya pafu, kifua kikuu kilichovimbisha matezi ya kifuani, na hata moyo uliopanuka kwa sababu ya homa ya baridi yabisi ya utotoni, ugonjwa ambao bado tunao kwa wingi Afrika Mashariki, vyote vinaweza kuibana ile neva ya kushoto inayopita kifuani. Mgonjwa wa namna hii akiingia chumba cha upasuaji bila kuangaliwa koo, akatoka na sauti mbaya, hakuna atakayeweza kusema kwa haki kama ni kisu, ni puto, au ni ugonjwa aliokuja nao. Familia itasema nusukaputi, hospitali itasema ni mapenzi ya Mungu, na faili litafungwa.

Hatari kubwa zaidi ni pale upande uliopooza tangu awali usipojulikana, kisha neva ya upande uliokuwa na afya ikaumizwa wakati wa upasuaji. Nyuzi zote mbili hujilaza karibu na mstari wa kati, na njia ya hewa hubaki ufa mwembamba. Mgonjwa wa hivyo anaweza kuwa na sauti inayosikika karibu kama kawaida, ndugu wakafurahi, kumbe anakosa hewa. Dalili yake ni mlio wa mluzi au mkwaruzo kila anapovuta pumzi ndani, na huanza dakika chache baada ya mrija kutolewa. Hapo hakuna muda wa kujadiliana: hurudishiwa mrija, na wakati mwingine hutobolewa shingo apate njia ya kupumua. Kwa hiyo muuguzi wa wodi ya wanaozinduka anayesema "anaongea, yuko salama" anasikiliza kitu kisicho sahihi. Asikilize pumzi.

Ninachoomba kwa wenye mamlaka ni kidogo. Kila anayekwenda kuondolewa rovu aangaliwe nyuzi za sauti kabla ya kisu na tena kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, kwa kioo cha koo au kamera nyembamba inayopitishwa puani, uchunguzi ambao hauhitaji nusukaputi na huchukua dakika chache. Manuel García, mwalimu wa uimbaji, aliziona nyuzi zake mwenyewe mwaka 1854 kwa vioo viwili na mwanga wa jua, kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba jambo hili linasubiri teknolojia. Matokeo yaandikwe kwenye faili. Geji ya puto iwe kwenye kila meza ya usingizi kama kilivyo kipimo cha oksijeni ya damu, na karatasi ya usingizi ionyeshe ukubwa wa mrija, shinikizo la puto, saa lililopimwa na gesi iliyotumika. Fomu ya ridhaa nayo itaje sauti kwa jina lake, kwa Kiswahili kinachosomeka, maana mwalimu, mhubiri au mama ntilie anayeuza kwa kuita wateja ana haki ya kujua kinachowekwa rehani kabla hajatia sahihi.

Najua jibu litakalokuja: wataalamu hawatoshi. Ni kweli. Madaktari bingwa wa usingizi ni wachache, na sehemu kubwa ya kazi katika wilaya hufanywa na wauguzi na matabibu waliopata mafunzo ya ziada. Mabingwa wa masikio, pua na koo nao wamejikusanya katika miji mikubwa. Lakini upasuaji wa rovu mara nyingi hauna dharura. Hupangwa wiki au miezi mbele, na wengi hupelekwa hospitali za rufaa ambako mabingwa hao wapo. Tena rovu lenyewe limepungua sana milimani kwetu tangu chumvi ianze kutiwa madini joto, kwa hiyo hatuzungumzii foleni isiyo na mwisho.

Kwa wanaomuuguza mgonjwa nyumbani, sauti kukauka kwa siku mbili tatu baada ya mrija ni kawaida, na hupona yenyewe. Ikipita wiki mbili, au mgonjwa akipaliwa kila anapokunywa maji, au akikohoa kikohozi kisicho na nguvu, apelekwe kwa bingwa wa koo, asipewe tangawizi na asali kwa miezi. Neva iliyovutwa au kubanwa tu mara nyingi hurejea ndani ya miezi 6 hivi, na katika kipindi hicho mazoezi ya sauti na ya kumeza husaidia. Isiporejea, uzi uliopooza unaweza kudungwa dawa ya kuunenepesha ili ukutane na mwenzake, au kusukumwa kuelekea katikati kupitia kidirisha kinachokatwa kwenye gegedu la zoloto, upasuaji ambao Mjapani Isshiki aliueleza katika miaka ya 1970. Kupuliziwa dawa za kienyeji kooni hakumwamshi mtu neva.

Msomaji yule aliuliza pia kama dada yake, ambaye sasa ni mjamzito na ameambiwa huenda akajifungua kwa upasuaji, aikatae nusukaputi. Upasuaji wa uzazi kwa kawaida hufanywa kwa ganzi ya mgongoni, ambayo haigusi koo kabisa, na hiyo ndiyo aiombe mapema. Ikitokea sababu ya kumlaza kabisa, gesi si ya kuogopwa. Cha kuangaliwa ni njia ya hewa, na anayetoa dawa ya usingizi anapaswa kujua siku kadhaa kabla kama kuna uzi usiofanya kazi, ili aandae mrija mwembamba zaidi, alipime puto, na awe macho zaidi wakati wa kuutoa. Aende kwanza akaangaliwe koo, aombe nakala ya karatasi ya usingizi ya upasuaji ule wa rovu, ambayo hospitali haina sababu ya kumnyima, na nakala hiyo pamoja na majibu ya koo aviweke ndani ya kadi yake ya kliniki.

Muuguzi mstaafu wa usingizi,
Mbeya